Malodi wa Uingereza: Ardhi, Madaraka na Fahari ya Taifa

Ukoo wa Duke wa Marlborough unamiliki kasri la Blenheim, karibu na mji wa Oxford, na kodi wanayomlipa mfalme kwa ajili ya kasri hilo ni bendera. Kila mwaka, kabla ya tarehe 13 Agosti, bendera ndogo yenye alama za wafalme wa zamani wa Ufaransa hupelekwa Windsor kukumbuka vita vya Blenheim vya mwaka 1704, ambamo Duke wa kwanza aliwashinda Wafaransa. Ukoo wa Duke wa Wellington nao hupeleka bendera ya Ufaransa ya rangi tatu kabla ya tarehe 18 Juni, siku ya ushindi wa Waterloo wa mwaka 1815. Hiyo ndiyo kodi ya shamba la Stratfield Saye, ambalo taifa lilimpa jemadari aliyemshinda Napoleon.

Katika bendera hizo mbili mambo matatu yamefungwa pamoja: ardhi, cheo cha kurithi na ushindi wa taifa. Mwenye shamba halipi fedha, analipa kumbukumbu ya vita. Hapo ndipo swali linapoanzia. Wafaransa waliwavua makabaila wao vyeo mwaka 1790, na baada ya hapo baadhi yao wakapelekwa kwenye gilotini. Warusi waliwang'oa wa kwao mwaka 1917. Waingereza ndio waliotangulia dunia nzima kujenga viwanda, nao hujivunia Bunge lao kuliko karibu kitu kingine chochote. Hata hivyo waliingia karne ya 21 wakiwa bado na watu wanaotunga sheria kwa sababu tu babu zao walikuwa malodi. Imewezekanaje?

Jibu langu ni kwamba malodi walibebwa na nguvu tatu. Ya kwanza ni ardhi, ambayo waliizuia isigawanyike. Ya pili ni busara ya kurudi nyuma hatua moja kila walipoona maji yamefika shingoni. Ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni fahari: waliwafanya Waingereza wengi waone kwamba heshima ya koo chache ni heshima ya taifa zima. Lakini katika nchi hiyo hiyo ilikuwapo fahari nyingine, ya watu wa chini, na haki karibu zote ambazo Waingereza wanajisifia leo zimetoka huko.

Ardhi ya ushindi

Mzizi wa mambo ni mwaka 1066. William wa Normandy alivuka bahari, akamuua Mfalme Harold katika vita vya Hastings na kuwagawia wapiganaji wake nchi nzima. Miaka 20 baadaye aliamuru ardhi yote ihesabiwe: nani anamiliki nini, ana majembe mangapi ya kukokotwa, watumwa wangapi, ng'ombe wangapi, kinu kiko wapi. Hesabu hiyo, inayoitwa Domesday, ipo hadi leo, na inaonyesha kwamba kufikia mwaka 1086 karibu wamiliki wakubwa wote wa Kiingereza walikuwa wameondolewa na nafasi zao kushikwa na watu kutoka ng'ambo. Kwa hiyo ukabaila wa Uingereza, ambao baadaye ulijinadi kuwa ndio roho ya Uingereza, ulianza kama utawala wa wageni waliozungumza Kifaransa.

Mwaka 1215 wajukuu wa wageni hao walimbana Mfalme John kwenye uwanda wa Runnymede, kando ya mto Thames, akaweka muhuri kwenye Magna Carta. Waingereza wengi huitaja hati hiyo kama chanzo cha uhuru wao, na inafaa kuitazama kama ilivyokuwa. Yalikuwa mapatano kati ya mfalme na makabaila waliochoka kutozwa fedha za vita. Hati ilisema mtu huru asifungwe bila hukumu ya wenzake au ya sheria ya nchi, lakini wakulima wengi wa wakati ule hawakuwa watu huru. Walikuwa wamefungwa kwenye mashamba ya mabwana wao. Miezi michache tu baadaye Papa Innocent III aliitangaza kuwa batili. Iliyoipa uhai ni kazi ya vizazi vilivyofuata, hasa wanasheria wa karne ya 17 kama Edward Coke, waliodai kwamba maneno yale yanamhusu kila Mwingereza. Kinga waliyojiwekea mabwana ikawa haki ya wote pale tu ambapo wasio mabwana waliidai.

Mwaka 1381 wakulima wa Kent na Essex walidai mengi zaidi ya kinga. Waliingia London wakiongozwa na Wat Tyler, wakamtaka Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, aukomeshe utumwa wa mashambani na ubwana wote usiokuwa wa mfalme mwenyewe. Tyler aliuawa Smithfield mbele ya mfalme, na ahadi zote walizopewa wakulima zikafutwa. Hata hivyo jina lake halikufutika.

Ardhi iliendelea kujikusanya mikononi mwa wachache. Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa kati ya mwaka 1536 na 1540, mali yao iligawiwa na kuuzwa kwa watu wa karibu na mfalme. Woburn, iliyokuwa nyumba ya watawa, ikaangukia ukoo wa Russell, ambao hadi leo ndio wenye cheo cha Duke wa Bedford. Juu ya hayo kulikuwa na kanuni ya kifungua mimba: shamba lote na cheo chote kwa mtoto wa kiume wa kwanza, wadogo zake wakatafute riziki kwingine. Katika nchi nyingi za Ulaya kila mtoto wa kabaila alikuwa kabaila, na ardhi ilimegwa kila kizazi. Uingereza haikumega. Koo zilibaki chache na tajiri, na wadogo waliokosa urithi wakaenda jeshini, kanisani, mahakamani, kwenye biashara na baadaye kwenye makoloni. Kwa hiyo malodi walikuwa na ndugu wa damu katika kila chombo cha dola.

Pigo kubwa kwa mwananchi wa kawaida lilikuja kwa njia ya sheria. Tangu zamani kila kijiji kilikuwa na ardhi ya wote: malisho, vichaka vya kuni, mashamba yaliyolimwa kwa zamu na kwa mafungu. Kuanzia mwaka 1604 hadi 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuziwekea ua ardhi hizo na kuzifanya mali ya watu binafsi. Jumla yake ilikuwa ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya moja ya tano ya eneo lote la England. Waliopiga kura bungeni ndio waliokuwa wakipata mashamba. Katika kijiji cha Helpston, Northamptonshire, sheria ya namna hiyo ilipita mwaka 1809. Kijana mmoja wa hapo, John Clare, mtoto wa kibarua wa shamba, aliona njia alizozoea zikizibwa na miti ikikatwa, akawa mshairi mkubwa wa maumivu hayo. Ilifika mahali mtu aliyezaliwa kijijini, ambaye babu zake walizikwa hapo, akaitwa mvamizi kwa kukanyaga uwanja aliochungia mbuzi utotoni.

Bunge lililowekwa mfukoni

Mpaka karne ya 19 malodi hawakuhitaji kubaki katika baraza lao tu ili kuitawala nchi. Walilishika pia Baraza la Makabwela, lile la wabunge wa kuchaguliwa. Old Sarum, mahali ambapo mji wake wa kale ulikuwa umehamwa siku nyingi, palipeleka wabunge wawili London. Manchester, mji wa viwanda uliojaa watu, haukuwa hata na mmoja. Viti vingi vilikuwa mfukoni mwa mabwana wa mashamba, na kura ilipigwa hadharani ili mwenye nyumba aone mpangaji wake amemchagua nani.

Duke wa Newcastle, wa nne katika ukoo wake, aliwafukuza wapangaji wake wa mji wa Newark mwaka 1829 kwa kuwa walimpigia kura mtu asiyemtaka. Alipolaumiwa alihoji kama kweli haruhusiwi kufanya apendavyo na kilicho chake. Miaka miwili baadaye, tarehe 8 Oktoba 1831, malodi walikataa muswada wa kupanua haki ya kupiga kura. Ghasia zililipuka Derby na Nottingham, na baadaye Bristol. Tarehe 10 umati wa watu wa Nottingham ulipanda mlimani na kuichoma ngome ya mji. Mwenye ngome alikuwa ni huyo huyo Duke wa Newcastle.

Hapa ndipo ile nguvu ya pili ilipojionyesha. Mwaka 1832 mfalme alikubali kuteua malodi wapya wa kutosha kuupitisha muswada ikibidi. Duke wa Wellington na wenzake walipoona baraza lao litafurika wageni, waliacha kupiga kura na muswada ukapita. Walipoteza kidogo ili wasipoteze vyote: hata baada ya hapo ni takriban mwanamume mmoja tu kati ya watano aliyepata kura, na mwanamke hakuwamo kabisa.

Miaka 40 baadaye walidhani wameshasahaulika. Watu wa mageuzi walikuwa wakisema ardhi imeshikwa na wachache mno, na mwaka 1872 Earl wa Derby, akiwa na hakika kwamba madai hayo ni uzushi, alisimama kwenye Baraza la Malodi akaomba wamiliki wote wahesabiwe. Hesabu ikafanywa. Wachambuzi walipoichambua walikuta kwamba takriban sehemu nne kati ya tano za ardhi zilikuwa mikononi mwa watu wasiofika 7,000. Lodi aliyetaka kuwanyamazisha wakosoaji akawa amewapa ushahidi.

Pambano la mwisho la nguvu kwa nguvu lilikuja mwaka 1909. Waziri wa Fedha, David Lloyd George, mtoto aliyelelewa na mjomba wake fundi viatu huko Wales, alipeleka bajeti ya kuwatoza kodi wenye ardhi na wenye kipato kikubwa ili kulipia pensheni za wazee na meli za vita. Alizunguka nchi nzima akiuliza kwa nini mtu aliyezaliwa tu anamiliki ardhi ambayo mamilioni wanaifanyia kazi. Tarehe 30 Novemba malodi waliikataa bajeti kwa kura 350 dhidi ya 75, jambo ambalo hawakuthubutu kulifanya kwa zaidi ya miaka 200. Uchaguzi ulifanyika mara mbili mwaka 1910, na kwa mara nyingine mfalme akakubali kuteua mamia ya malodi wapya. Usiku wa tarehe 10 Agosti 1911, katika joto kali, baraza lilisalimu amri kwa kura 131 dhidi ya 114. Tangu siku hiyo malodi hawawezi kuzuia fedha za serikali. Sheria nyingine wangeweza kuzichelewesha miaka miwili tu, na mwaka 1949 muda huo ukapunguzwa hadi mwaka mmoja.

Fahari iliyovalishwa joho

Watu walioshindwa mara zote hizo walibakije na heshima? Ardhi na ujanja wa kisiasa havitoshi kulieleza jambo hili. Mwanahistoria Linda Colley, katika kitabu chake Britons cha mwaka 1992, alionyesha jinsi tabaka la juu lilivyojijenga upya baada ya kupoteza makoloni ya Marekani. Makabaila walianza kujionyesha kama watumishi wa taifa: wakavaa sare za jeshi, wakaongoza vikosi dhidi ya Napoleon, wakafungua majumba yao ili picha walizokusanya zionekane kuwa hazina ya nchi. Ushindi ulipopatikana, sifa ziliwaendea waliopanda farasi mbele. Askari wa kawaida wa Waterloo alirudi kijijini kwake akakuta malisho yamewekewa ua, na mkate umepanda bei kwa sababu ya sheria ya nafaka ya mwaka 1815, iliyozuia ngano ya nje ili kulinda faida ya wenye mashamba.

Sherehe nazo zilifanya kazi kubwa. Siku ya kufungua Bunge mfalme huketi kwenye kiti cha enzi katika Baraza la Malodi, katikati ya viti vyekundu na majoho yenye manyoya meupe. Humtuma ofisa aitwaye Black Rod akawaite wabunge wa Makabwela. Anapokaribia, mlango wao hufungwa kwa kishindo usoni pake, naye hugonga mara tatu kwa fimbo yake nyeusi ndipo afunguliwe. Kishindo hicho ni kumbukumbu ya mwaka 1642, Mfalme Charles I alipoingia na askari kuwakamata wabunge watano na kuambulia viti vitupu. Lakini angalia kinachofuata: wabunge waliochaguliwa na wananchi huenda wakasimama nyuma ya kizuizi, huku wasiochaguliwa wakiwa wameketi. Katika tendo moja umma unakumbushwa kwamba ulimshinda mfalme, kisha unaonyeshwa mahali pake. Walter Bagehot, aliyeandika juu ya katiba ya Uingereza mwaka 1867, aliliona hilo wazi: sehemu ya dola inayopendeza macho ndiyo inayozaa utii, na utii huo hutumiwa na sehemu nyingine inayofanya kazi kimyakimya.

Himaya iliikuza fahari hiyo hadi kuifikisha kwetu Afrika Mashariki. Marquess wa Salisbury, wa ukoo wa Cecil uliomtumikia Malkia Elizabeth I karne tatu kabla yake, alikuwa Waziri Mkuu wa mwisho kuongoza serikali akiwa katika Baraza la Malodi. Ndiye aliyepatana na Wajerumani tarehe 1 Julai 1890: wao wakapewa kisiwa cha Heligoland, Uingereza ikatambuliwa kuwa mlinzi wa Zanzibar. Wazanzibari hawakuulizwa. Alipojiuzulu mwaka 1902, uwaziri mkuu ulikwenda kwa mpwa wake, Arthur Balfour. Mwaka uliofuata Lord Delamere, kutoka Cheshire, alifanya makazi Kenya na kupewa ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99, na mwaka 1904 Wamaasai wakahamishwa kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa. Mfumo uliowatoa wakulima wa Kiingereza kwenye ardhi yao ya wote ulikuwa umevuka bahari.

Mtu mmoja anaunganisha pande hizo mbili kuliko wote. Duke wa Devonshire, wa tisa katika ukoo wake, alikuwa Waziri wa Makoloni mwaka 1923 na alitoa tamko maarufu kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika kwanza na maslahi yao ndiyo yatakayotangulia. Tamko hilo liliwazuia walowezi kujitwalia serikali, lakini liliziacha nyanda za juu mikononi mwao. Miaka tisa baadaye, tarehe 24 Aprili 1932, vijana wapatao 400, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya Manchester, walipanda mlima Kinder Scout bila ruhusa. Waliyokanyaga ilikuwa ardhi ya Duke huyo huyo, iliyofungwa kwa ajili ya kuwinda ndege jamii ya kwale. Watano kati yao walifungwa jela. Mkikuyu wa nyanda za juu na kibarua wa Manchester hawakujuana, lakini waliufikia mlango mmoja na kuukuta umefungwa.

Fahari ya watu wa chini

Ni kosa kudhani kwamba fahari ya Waingereza yote imetoka kwenye makasri. Tangu zamani kuna mkondo mwingine, unaosema kwamba Mwingereza amezaliwa huru na kwamba malodi ndio wageni. Mwaka 1647, vita vya Bunge dhidi ya mfalme vilipokuwa vimetulia, askari wa kawaida walikaa kanisani Putney na kubishana na majenerali wao kama maskini ana haki ya kuchagua serikali. Mwaka 1649 Baraza la Malodi lilivunjwa kabisa, na mwaka huo huo Gerrard Winstanley na wenzake walilima ardhi ya wote huko Surrey wakisema dunia ni hazina ya kila mtu. Walifukuzwa, na baraza likarudi mwaka 1660 pamoja na ufalme. Lakini hoja ilibaki. Thomas Paine aliichukua karne iliyofuata, akawakumbusha wasomaji wake kwamba mamlaka ya wafalme na mabwana yalianza na mvamizi kutoka Normandy.

Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika Manchester kudai uwakilishi. Wapanda farasi waliwaingilia kwa mapanga, na watu wasiopungua 15 wakapoteza maisha. Mwaka 1842 ombi la kutaka kila mwanamume apige kura, na kwa siri, lilipelekwa bungeni likiwa na sahihi zaidi ya milioni tatu, likakataliwa. Baadaye wakaja wanawake waliofungwa na kulishwa kwa nguvu gerezani kwa kudai kura. Ukipanga haki za kisiasa anazojivunia Mwingereza wa leo, utakuta nyingi zilikataliwa kwanza na Baraza la Malodi au na watu waliofikiri kama malodi. Hao waliochomwa mapanga, waliofungwa na waliofukuzwa mashambani ndio walioilipia fahari hiyo.

Haki inataka tuseme pia kwamba malodi nao walitoa damu. Katika Vita Kuu vya Kwanza, mmoja kati ya kila watano wa malodi na wana wao waliokwenda vitani aliuawa, ilhali kwa jeshi zima ilikuwa mmoja kati ya wanane. Wengi wao walikuwa maofisa wadogo waliotangulia mbele ya watu wao. Kodi ya mirathi, iliyoanzishwa upya mwaka 1894, ilikuwa imefikia asilimia 40 kwa mali kubwa kabisa mwaka 1919, na koo zilizofiwa ziliuza mashamba kwa kasi. Zaidi ya majumba 1,000 ya fahari yalibomolewa katika karne ya 20.

Yaliyosalia yalipata maisha mapya. Shirika la National Trust, lililoanzishwa mwaka 1895, lilianza kupokea majumba kutoka kwa makabaila walioshindwa kuyatunza, na leo lina wanachama zaidi ya milioni tano. Familia hulipa kiingilio na kutembea kwenye vyumba ambavyo bibi zao walivipiga deki. Mwaka 2020 shirika hilo lilipochapisha ripoti kwamba maeneo yake 93 yana uhusiano na utumwa au ukoloni, baadhi ya wabunge na magazeti yalikasirika kana kwamba taifa limetukanwa. Fahari iliyofungwa kwenye ukuta wa kasri inaogopa kuulizwa ukuta ulijengwa kwa fedha gani. Jibu linajulikana. Utumwa ulipokomeshwa katika makoloni, Bunge lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Earl wa Harewood, mwenye jumba kubwa Yorkshire, alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu zaidi ya 1,200. Watu wenyewe hawakupata hata senti. Mrithi wa leo wa cheo hicho amelikiri hilo hadharani. Duke wa Devonshire wa 11 naye, mwaka 2002, aliomba radhi huko Kinder Scout kwa yale aliyoyafanya babu yake. Heshima yao haikupungua, na kwangu ni uzalendo mkubwa kuliko hasira ya wale wanaotaka historia inyamaze.

Malodi wa leo

Baraza la Malodi la sasa si lile la mwaka 1911. Sheria ya mwaka 1958 iliruhusu watu kuteuliwa kwa maisha yao tu, bila kuwarithisha wana wao, na kwa mara ya kwanza ikawaingiza wanawake. Mwaka 1963 Tony Benn, aliyezuiwa kuwa mbunge kwa sababu baba yake lodi amefariki, alishinda vita vyake vya kuruhusiwa kukikataa cheo. Mwaka 1999 warithi zaidi ya 600 waliondolewa, wakabaki 92 kwa muda tu. Muda huo ukawa robo karne. Mmoja akifa, nafasi ilijazwa kwa uchaguzi ambao wagombea wake ni warithi na wapiga kura wake ni warithi. Mwaka 2016, katika uchaguzi mmoja wa namna hiyo, wagombea walikuwa saba na wapiga kura watatu, na wote watatu walimchagua Viscount Thurso. Septemba 2024 serikali ya chama cha Labour ilipeleka bungeni muswada wa kuwaondoa warithi waliosalia.

Kuwaondoa ni sawa, lakini hakumalizi tatizo. Walioteuliwa nao hawakuchaguliwa na mtu. Waziri Mkuu anaweza kuwapa vyeo marafiki na wafadhili wa chama chake, na maskofu 26 wa Kanisa la Anglikana wana viti vyao. Biashara ya vyeo ilishamiri wakati wa Lloyd George, yule yule aliyewapiga malodi, hadi sheria ya kuizuia ikatungwa mwaka 1925.

Wanaolitetea baraza hilo wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Ndani yake wamo madaktari, majaji wastaafu na wataalamu ambao wasingesimama jukwaani kuomba kura, na kwa kuwa hawaogopi uchaguzi wanaweza kusema ukweli mchungu. Mahakama ya Juu ilipoamua Novemba 2023 kwamba mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda haukuwa halali, serikali ilileta muswada wa kuitangaza Rwanda kuwa nchi salama kwa nguvu ya sheria. Malodi waliurudisha mara kadhaa wakitetea mamlaka ya mahakama, na mwishowe, Aprili 2024, wakakubali. Walisema kweli, lakini walinyamazishwa kwa neno moja tu: ninyi mmechaguliwa na nani? Baraza linalotetea haki linahitaji miguu ya kusimamia, na miguu hiyo ni kura.

Na ardhi? Mtafiti Guy Shrubsole, katika kitabu alichochapisha mwaka 2019, alikadiria kwamba nusu ya England inamilikiwa na watu wasiofika asilimia moja, na kwamba koo za kikabaila na mabwana wa mashamba bado wana karibu asilimia 30. Mwaka 1677 mtoto wa miaka 12, Mary Davies, aliozwa kwa Thomas Grosvenor, akaenda na urithi wa mamia ya ekari za malisho na vinamasi nje ya London. Leo vinamasi hivyo ni Mayfair na Belgravia, mitaa ghali kuliko karibu yote duniani. Mwaka 2016 cheo cha Duke wa Westminster, ambacho ni cha ukoo huo wa Grosvenor, kilimwangukia kijana wa miaka 25 pamoja na usimamizi wa mali ya mabilioni ya pauni. Ana dada wawili wakubwa, lakini cheo hakikuwaendea wao, kwa kuwa ni wanawake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Malodi wa Uingereza wamepoteza sheria, wamepoteza kura na wamepoteza sehemu ya mashamba, lakini bado wanashikilia kitu cha thamani kubwa: picha ambayo taifa linajiona nayo. Maadamu Mwingereza anafundishwa kwamba ukuu wake uko Blenheim na Waterloo, hatauliza kwa ukali nani anamiliki ardhi anayoikanyaga. Siku atakapohesabu Putney, Manchester na Kinder Scout kuwa fahari yake ya kwanza, kuchagua baraza la pili na kufungua daftari la ardhi kwa kila mtu yatakuwa mambo ya kawaida kabisa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunahusika pia. Mabunge yetu yalirithi siwa, majoho na taratibu za London, na sheria zetu za ardhi zilianza na watu wa tabaka la Delamere. Tumebadilisha mengi, lakini nasi tuna koo zinazorithishana viti, na mashamba makubwa ambayo wenyeji wanayaona kwa nje ya ua. Anayetaka kujua taifa lolote lina uhuru kiasi gani, la kwao au la kwetu, asiishie kwenye bendera. Aulize ardhi ni ya nani na viongozi wamechaguliwa na nani.